Kusoma Safari ya Bamba Ndani ya Mwamba: Hatua kwa Hatua, kwa Mfano wa Basalti za Deccan

Lava inapopoa, chembe za magnetaiti ndani yake hushika uelekeo wa uga wa sumaku wa Dunia wa wakati huo na kuuhifadhi kwa mamilioni ya miaka. Uga huo, ukipigiwa wastani wa maelfu ya miaka, hulala sambamba na ardhi kwenye ikweta na kusimama wima kwenye ncha. Kwa hiyo pembe iliyoganda mwambani hutaja latitudo ambako mwamba ulizaliwa. Mwongozo huu unafuata basalti za Deccan, magharibi mwa India, zenye umri wa takriban miaka milioni 66. Miamba hiyo ilipimwa katika miaka ya 1950, wakati wanajiolojia wengi bado wanakataa kwamba mabara husogea.

Istilahi zifuatazo zina maana moja tu hadi mwisho. Bamba ni sehemu ya gamba gumu la Dunia inayosogea nzima nzima. Usumaku-masalia ni usumaku uliobaki mwambani. Mkengeuko ni pembe kutoka kaskazini ya kijiografia hadi uelekeo wa usumaku-masalia, ikihesabiwa kufuata mwendo wa saa. Mwinamo ni pembe ya uelekeo huo kutoka usawa wa mlalo: chanya ukielekea chini, hasi ukielekea juu. Sampuli ni silinda ya mwamba iliyotobolewa. Kipande ni sehemu ya sampuli iliyokatwa maabarani.

Vifaa vya uwandani: drili ya petroli yenye ncha ya almasi, pampu ya maji, bomba la kuelekezea lisiloshika sumaku, dira, dira ya jua, pimamaji, waya wa shaba, fimbo ya shaba, kalamu isiyofutika na daftari.

1. Chagua mwamba. Tafuta basalti ngumu isiyooza, kwenye mkato wa barabara au ukingo wa mto. Barabara zinazopanda Mahabaleshwar, kusini-mashariki mwa Mumbai, zimekata tabaka nyingi za lava zilizolala moja juu ya nyingine. Epuka vilele vya vilima, kwa sababu radi hupiga huko na kuandika usumaku mpya juu ya ule wa kale. *Hakiki:* sogeza dira taratibu karibu na uso wa mwamba. Mshale ukiyumba ghafla ndani ya sentimita chache, hama.

2. Toboa sampuli 8 katika kila tabaka la lava. Kipenyo kiwe sentimita 2.5, kina sentimita 6 hadi 10. Maji yatiririke muda wote ili ncha isichemke. Zitawanye sampuli kwenye mita kadhaa, maana jiwe moja linaweza kuwa limeteleza bila kuonekana. Usivunje sampuli bado. Iache imeshikamana na mwamba kwa chini.

3. Elekeza sampuli kabla ya kuitoa. Hatua hii haina marudio. Sampuli iliyovunjika bila alama haiwezi kurudishiwa uelekeo wake na maabara yoyote duniani. Fuata mpangilio huu:

a) Vika bomba la kuelekezea juu ya sampuli na usawazishe jukwaa lake kwa pimamaji.
b) Soma pembe ambayo sampuli imeinama, kisha soma uelekeo wake kwa dira.
c) Soma uelekeo uleule kwa dira ya jua, na uandike tarehe, latitudo, longitudo na saa hadi dakika. Basalti yenyewe ni sumaku na huvuta dira ya kawaida, kivuli hakivutwi. Fanya hivi asubuhi au alasiri. Jua likiwa karibu na utosi, kivuli ni kifupi na uelekeo wake hubadilika haraka mno.
d) Pitisha waya wa shaba kwenye ufa wa bomba na uchore mstari kwenye mgongo wa sampuli.

*Hakiki:* linganisha dira mbili baada ya kusahihisha ya kawaida kwa tofauti ya kaskazini ya sumaku na ya kijiografia. Zikitofautiana kwa zaidi ya digrii 5, tumia ya jua.

4. Vunja sampuli kwa fimbo ya shaba, kisha chora mishale kwenye mstari, yote ikielekea ndani ya mwamba, na uandike namba. Pima pia mlalo wa tabaka la lava.

5. Kata vipande vya urefu wa sentimita 2.2 kwa msumeno wa almasi. Nakili mshale na namba kwenye kila kipande kabla ya kukata kinachofuata.

6. Pima usumaku-masalia wa mwanzo kwa magnetomita, ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya uga wa Dunia. Namba hii bado si jibu. Ni mchanganyiko wa usumaku wa kale na ule ulioongezwa baadaye na uga wa leo.

7. Futa usumaku wa baadaye kwa joto la kupanda. Pasha kipande hadi nyuzi joto 100 Selsiasi, kipooze bila uga wowote, kipime. Rudia kwa 200, 300, 400, 450, 500, 530, 560 na 580. Usumaku dhaifu wa baadaye kwa kawaida hutoka mapema; wa kale hung'ang'ania hadi karibu na 580, joto ambalo magnetaiti hupoteza usumaku wake wote. *Hakiki mbili:* geuza kipande upande wa pili kila baada ya upashaji, ili uga uliovuja tanurini ujionyeshe. Pima pia wepesi wa kipande kupokea usumaku. Ukipanda ghafla, madini mapya yameumbika, na vipimo vya baada ya hapo havifai.

8. Chora matokeo yote kwenye mchoro wa Zijderveld, unaoonyesha uelekeo na nguvu kwa pamoja. Tafuta mstari mnyoofu wa angalau nukta 4 mfululizo unaoelekea kwenye sifuri. Huo ndio usumaku wa kale. Kataa mstari wenye mtawanyiko unaozidi digrii 10. Usilazimishe: kipande kisicho na mstari hakina habari.

9. Kokotoa wastani wa kila tabaka la lava kwa takwimu za Ronald Fisher, aliyezichapisha mwaka 1953 kwa ajili ya mielekeo iliyo juu ya tufe. Kataa tabaka ambalo koni yake ya uhakika wa asilimia 95 inazidi digrii 15. Kisha chukua wastani wa tabaka zote. Tabaka moja lilipoa haraka, na uga hutangatanga. Tabaka chache hazitoshi kufuta kutangatanga huko.

10. Thibitisha umri wa usumaku. Tabaka za Deccan zimelala karibu bapa, kwa hiyo jaribio la mikunjo, linalohitaji tabaka zilizokunjwa, halitasaidia. Tumia jaribio la kupinduka kwa ncha za sumaku, maana uga ulipinduka kati ya lava za chini na za juu. Lava za chini huelekea kusini-mashariki na chini. Za juu kabisa huelekea kaskazini-magharibi na juu. Mielekeo hiyo miwili inapaswa kutofautiana kwa digrii 180. Ikitofautiana hivyo ndani ya mipaka ya makosa, uga wa leo haujaichafua.

11. Amua kizio. Mwinamo chanya unaweza kumaanisha kaskazini katika uga wa kawaida, au kusini katika uga uliopinduka. Usikisie. Fuata vipimo vya miamba michanga zaidi ya bamba hilohilo, umri kwa umri, hadi leo. Kwa Deccan, njia hiyo huangukia kizio cha kusini.

12. Geuza mwinamo kuwa latitudo kwa kanuni: tanjenti ya mwinamo = 2 × tanjenti ya latitudo. Mfano: mwinamo wa digrii 48 una tanjenti 1.11, nusu yake ni 0.555, latitudo ni digrii 29. Wastani wa tafiti nyingi za Deccan huangukia karibu na digrii 30 Kusini.

13. Kokotoa safari. Mahabaleshwar leo iko digrii 18 Kaskazini. Jumla ni digrii 48. Zidisha kwa kilomita 111, upate takriban kilomita 5,300 za kuelekea kaskazini. Gawanya kwa miaka milioni 66: wastani ni sentimita 8 kwa mwaka. Wastani huo unaficha mwendo wa kasi zaidi mwanzoni, na kupungua kwake India ilipoigonga Asia. Mkengeuko nao unaonyesha kuwa India imezunguka kinyume cha mwendo wa saa kwa zaidi ya digrii 20.

14. Andika mpaka wa kipimo kando ya jibu: usumaku-masalia hutoa latitudo na mzunguko, hautoi longitudo. Bamba lililosogea mashariki au magharibi tu, bila kuzunguka, halitaonekana kwa njia hii. Litafute kwenye mistari ya usumaku ya sakafu ya bahari.