MASHINE YA KUPUMULIA IWE NA PAHALI PAKE

Ndugu mfanyakazi, kama munganga amekupa mashine ya kupumulia usiku, ni kwa sababu pumzi yako inakatika katika usingizi, sekunde 10 ao zaidi, mara nyingi kila usiku. Asubuhi unaamka umechoka. Ukisinzia kwenye usukani mgodini, unaweza kufa, wewe na wenzako.

Mashine hii, iliyobuniwa Australia na munganga Colin Sullivan mwaka 1980, inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Lakini ikiwekwa ovyo, itaharibika, nawe utaacha kuivaa. Basi fanya hivi:

1. Iweke juu ya meza ndogo, chini kidogo ya usawa wa kichwa chako, ili maji yasirudi katika mpira. Usiiweke sakafuni: vumbi ya kiangazi inaziba chujio la hewa.
2. Iwe mbali na pazia na mbabula.
3. Kila asubuhi mwaga maji yaliyobaki, osha maski kwa sabuni isiyo kali. Ukiosha mpira, utundike kivulini ukauke.
4. Ukiisha kuizima, ifunike kwa kitambaa safi. Kitoe mbele ya kuiwasha.

Nanyi wa nyumbani, mkataze watoto kuchezea waya.

Usalama wa kazi unaanza kitandani.