Mnyauko wa Migomba

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba mmea hufyonza maji kwa mizizi, na maji hayo hupanda hadi majanini kwa mirija myembamba. Je, nini hutokea mirija hiyo ikizibwa?

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, migomba imezunguka nyumba nyingi. Ndizi ni chakula cha kila siku. Mikungu inayozidi huuzwa sokoni, na fedha zake hununua chumvi, sabuni na madaftari. Kwa hiyo mgomba ukifa, nyumba hupoteza chakula na fedha kwa pamoja.

Mnyauko wa migomba huletwa na bakteria. Mwaka 1968 wataalamu waliueleza ugonjwa huu nchini Ethiopia, katika mmea wa jamii ya mgomba. Mwaka 2001 ulitambuliwa nchini Uganda, na miaka michache baadaye ulikuwa umeingia Kagera. Majani ya mgomba mgonjwa hugeuka manjano na kulegea kama yaliyounguzwa na jua, ingawa mvua inanyesha. Ndizi huiva kabla ya wakati wake. Ukiipasua moja, utaona nyama yake ina madoa ya rangi ya kutu. Hailiki wala haiuziki.

Jaribio

Mwombe mkulima akukatie kipande kidogo cha shina la mgomba mgonjwa. Kishikilie kipande hicho ndani ya glasi ya maji safi, ncha moja iguse maji, nawe usitikise. Baada ya dakika chache utaona nyuzi za rangi ya maziwa zikishuka polepole. Hao ni bakteria, maelfu kwa maelfu, wakitoka katika mirija waliyoiziba. Jaribio lifanyike shambani hapohapo. Usibebe kipande hicho kwenda shamba jingine. Mkulima achome panga lake motoni kabla ya kulitumia tena.

Kwa nini panga lichomwe? Utomvu wa mgomba mgonjwa ukibaki kwenye makali, mgomba unaofuata huambukizwa kwa pigo moja tu. Nyuki na wadudu wengine nao hubeba bakteria kutoka ua dume moja hadi jingine. Kwa hiyo, chane ya mwisho ikishatokea, mkulima huvunja ua dume lililo kwenye ncha ya mkungu. Hutumia mti wenye panda, si panga. Mti huo haukati. Huzungusha ua mpaka likatike lenyewe. Ni chombo kisichogharimu hata senti moja, nacho kimeokoa mikungu mingi.

Hapo awali wakulima walishauriwa kung'oa fungu zima la migomba pamoja na tunguu lake. Kazi hiyo ni nzito mno, hasa kwa wazee, na wengi waliiacha. Baadaye watafiti waligundua kwamba bakteria hawafikii machipukizi yote ya tunguu moja. Sasa mkulima anaweza kukata shina lililougua peke yake, usawa wa ardhi, mara tu dalili zinapoonekana. Lakini ni lazima akague shamba lake mara kwa mara kwa miezi mingi. Dawa ya kuuponya mgomba mgonjwa haijapatikana.

Mazoezi

1. Kwa nini majani ya mgomba mgonjwa hunyauka hata wakati wa masika?
2. Jirani anataka kukupa chipukizi la kupanda. Utamwuliza nini kwanza?
3. Chora mti wenye panda unaofaa kuvunjia ua dume. Andika urefu wake.