Kumfundisha Mtoto Kujilinda Mtandaoni: Somo Lisilohitaji Simu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Wilaya hizi ni jirani, lakini hali za wanafunzi wake si moja. Mwanachuo atakayepangiwa shule ya Maili Moja au Mlandizi, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, atakuta watoto wengi ambao nyumbani kwao mna simu janja. Atakayepangiwa kijiji cha ndani ya Kisarawe, upande wa Maneromango au Mzenga, huenda akakuta nyumba yenye simu moja tu, ndogo, ya batani, ipitayo mkono hata mkono baina ya baba, mama na bibi. Mwanachuo huyu wa pili aweza kudhani kwamba usalama wa mtandaoni ni somo la watoto wa mjini. Dhana hiyo si sahihi, nasi tutaeleza sababu.

Kwa nini tufundishe somo hili

Mwaka 1963 nchi za Nordic zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha Kibaha ili kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Ujinga uliopigwa vita wakati ule ulikuwa, kwanza kabisa, ule wa kutojua kusoma na kuandika. Leo mtoto aweza kusoma vizuri sana, na bado akadhurika kwa kile alichokisoma. Kwa hiyo kazi ya mwalimu haiishi mtoto anapojua kusoma. Hana budi pia kumzoeza kuuliza: Ni nani aliyeandika haya? Anataka nini kwangu?

Tumwangalie mtoto wa Kisarawe. Bibi yake haoni vizuri, basi kila ujumbe uingiapo humwita mjukuu amsomee. Siku moja unaingia ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwa namba hii." Huo ni utapeli unaojulikana nchini kote, lakini katika nyumba ile msomaji ni mtoto wa miaka 10, na pengine ndiye ajuaye namba ya siri ya bibi. Mtoto huyu hana simu, wala hajafungua intaneti hata siku moja, lakini tayari ndiye mlinzi wa akiba ya nyumba.

Hatari ya pili ni nzito zaidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kwamba katika Tanzania, kiasi cha watoto 4 katika kila 100 wa miaka 12 hadi 17 watumiao intaneti walikuwa wametendewa unyanyasaji wa kijinsia kupitia mtandao katika muda wa mwaka mmoja. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamjua. Jambo hili ni muhimu sana kwa mwalimu. Tukimfundisha mtoto kuwaogopa wageni tu, tutakuwa tumeufunga mlango wa mbele na kuuacha wazi wa uani.

Kukataza peke yake hakutoshi

Walimu wengi wakiulizwa namna ya kumlinda mtoto hujibu kwamba akatazwe kugusa simu. Tufikiri matokeo yake. Mtoto aliyekatazwa huichukua simu kwa siri. Akikutana na mtu mbaya, mtu yule humwambia, "Ukisema, utapigwa." Mtoto anajua kwamba maneno hayo ni kweli, maana baba alikwisha kusema hivyo hivyo. Sasa ana hofu mbili, na hofu ya pili ndiyo inayomfanya anyamaze juu ya ile ya kwanza. Hapo fimbo ya mzazi, au ya mwalimu, imekuwa silaha mkononi mwa mhalifu.

Kwa sababu hiyo kiini cha somo letu ni kimoja: mtoto ajue kwamba anaweza kusema, na kwamba akisema hataadhibiwa. Mengine yote yanajengwa juu ya msingi huo.

Mfano wa somo: Darasa la Nne, dakika 40

Zana: vipande vinne vya karatasi, ubao na chaki. Simu wala umeme havihitajiki.

Hatua ya kwanza: Hodi (dakika 5). Mwalimu aulize, "Umebaki nyumbani peke yako, unasikia hodi. Utafanya nini?" Watoto wa Pwani wanayajua mambo haya tangu wadogo. Watasema: nitauliza ni nani; sitafungua; nitamwita jirani. Mwalimu aandike majibu yao ubaoni bila kuyasahihisha. Kisha aeleze kwamba simu nayo ni mlango, ila anayeingia humo haonekani sura, na mara nyingine hapigi hodi.

Hatua ya pili: Igizo la barua (dakika 15). Kabla ya kipindi, mwalimu amwombe mwanachuo mwenzake wa kiume, ambaye darasa halijamwona, akae nje. Mjumbe alete karatasi moja moja, na mwalimu azisome:

1. "Mimi ni Neema, nina miaka 10. Nasoma Darasa la Nne kama wewe."
2. "Shule yako inaitwaje? Unarudi nyumbani kwa njia gani?"
3. "Nitakununulia vocha. Kwanza nitumie picha yako."
4. "Usimwambie mama. Atakupiga."

Baada ya kila karatasi mwalimu aulize, "Tunajua nini hasa juu ya Neema?" Mwanzoni watoto watasema kwamba ni msichana wa miaka 10. Mwisho aingie yule mwanamume mzima. Watoto watacheka, na wacheke. Kicheko hicho ni mafunzo. Kisha mwalimu akumbushe methali isemayo usione vyaelea, vimeundwa. Aeleze kwamba jina, picha na hata sauti vinaweza kubuniwa. Kuhusu picha inayotumwa, atumie methali nyingine: maji yakimwagika hayazoleki.

Hatua ya tatu: Ujumbe wa bibi (dakika 8). Watoto wawili waigize bibi na mjukuu waliopokea ujumbe wa kitapeli. Darasa liongozwe kufikia utaratibu huu: mjukuu ausome ujumbe wote kwa sauti, asitume fedha wala kumtajia mtu mwingine namba ya siri, bibi ampigie mhusika kwa namba anayoijua zamani, si ile iliyoandikwa katika ujumbe. Mtu mzima aweza kuupeleka ujumbe huo kwa namba 15040, iliyotengwa kupokea taarifa za utapeli wa namna hiyo.

Hatua ya nne: Kanuni (dakika 7). Watoto wenyewe watunge kanuni tatu fupi. Mwalimu awaelekeze zifanane na hizi: Simama kabla ya kujibu. Usitoe siri wala picha. Sema kwa mtu mzima unayemwamini. Aongeze neno moja la kukumbuka: yeyote anayekutaka umfiche mama au mwalimu jambo, awe mgeni, jirani au ndugu, huyo ndiye wa kusemwa. Hapo mtoto atakuwa amefundishwa kupima tendo, si kupima sura.

Hatua ya tano: Tathmini (dakika 5). Mwalimu asiwatake watoto wakariri kanuni, kwani kasuku naye hukariri. Awape kisa kipya: "Rafiki wa kaka yako anataka picha yako kwa simu, anasema iwe siri yenu. Utafanya nini?" Kisha kila mtoto aandike katika karatasi yake majina ya watu wazima watatu anaoweza kuwaambia. Karatasi hizo zisisomwe mbele ya darasa. Akionekana mtoto aliyeshindwa kuandika hata jina moja, mwalimu asimkemee. Huyo ndiye anayehitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Mambo ya kuepuka

Mwalimu asimpe mtoto nafasi ya kuigiza mhalifu, wala asitumie kisa cha mtoto anayejulikana kijijini hata kama jina limefichwa. Asionyeshe picha za kutisha. Aidha, asiwahutubie wasichana peke yao, kana kwamba wavulana hawadhuriki, au kana kwamba kosa ni la anayedhurika.

Mtoto akija kusema

Huenda baada ya kipindi mtoto mmoja akabaki nyuma. Saa hiyo ndiyo mtihani wa mwalimu. Amsikilize mpaka mwisho bila kushtuka na bila kuuliza, "Kwa nini ulifanya hivyo?" Amwambie, "Umefanya vizuri kusema. Hutaadhibiwa kwa kusema." Lakini asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, maana ahadi hiyo hataweza kuitimiza, na mtoto aliyevunjiwa ahadi hasemi mara ya pili. Ampe taarifa mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri na unasihi, ili jambo lifikishwe kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 nayo hupokea simu za watoto bila malipo.

Ikiwa kuna picha au ujumbe, visifutwe kabla ya wahusika kuviona, wala mwalimu asivisambaze, hata kwa walimu wenzake. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha picha za ngono za watoto. Anayeisambaza picha kwa huruma huongeza madhara yale yale.

Hitimisho

Somo hili laweza kufundishwa chini ya mwembe huko Mzenga sawa na katika chumba cha kompyuta mjini Kibaha. Vyombo vitabadilika, na majina ya mitandao yatabadilika. Mtoto aliyezoea kuuliza, na mwenye mtu wa kumwambia, atakuwa na silaha kwa vyote viwili. Mwalimu ajiulize kabla ya kuingia darasani: je, mimi ni mtu ambaye mtoto angeandika jina langu katika karatasi ile?

Zoezi kwa wanachuo

1. Andika andalio la somo hili kwa Darasa la Pili, dakika 30, ukibadili igizo lilingane na umri wao.
2. Jadilini: mzazi amekuja shuleni na kusema kwamba somo hili linawafundisha watoto mambo ya simu kabla ya wakati. Mtamjibu nini kwa heshima?
3. Taja methali tatu za Kiswahili zinazoweza kutumika katika hatua ya nne, na ueleze kila moja itafundisha nini.