SOMO: JE, MAHINDI YAKO YAMEKAUKA?

Umewahi kununua soda ya baridi wakati wa mvua? Ukiiweka mezani, chupa hulowa kwa nje. Je, soda inavuja? La. Maji yale yametoka hewani. Hewa hubeba maji tusiyoyaona. Ikigusa kitu cha baridi, huyaacha hapo.

Ziko mashine za kukaushia mazao zinazotumia jambo hili. Hewa hupita kwenye mabomba ya baridi, ikaacha maji yake. Kisha hupita kwenye mabomba ya moto, ikapata joto. Sasa ni kavu na ina kiu. Ikifika kwenye mazao, hunywa maji yake.

Sisi wa Mkonze tunapata hewa kavu bila kulipa. Kiangazi cha Dodoma kina jua na upepo. Anika mahindi na karanga juu ya turubai au kichanja, wala si juu ya udongo. Tandaza safu nyembamba, ugeuze mara kwa mara. Jioni funika, maana hewa ya usiku ikipoa huacha umande, kama ile chupa ya soda.

Usikisie kwamba mahindi yamekauka. Pima hivi:

1. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko.
2. Tia vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri.
3. Tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Funika.
4. Tikisa kwa dakika moja. Acha itulie.
5. Tazama kioo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Anika tena, kisha upime tena.

Kwa nini tujisumbue? Mazao mabichi yakiwekwa ghalani huota kuvu. Kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliingia katika mahindi ya mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua, na 20 kati yao walifariki. Sumukuvu haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa. Kinga yake huanzia kwenye kuanika.

MASWALI
1. Maji ya nje ya chupa ya soda hutoka wapi?
2. Kwa nini tunafunika mazao jioni?
3. Pima mahindi ya nyumbani kwako. Waeleze wenzako darasani ulichokiona.