Mchonga Mwiko Hukimbiza Mkonowe

Kila siku tunakula ugali uliosongwa kwa mwiko, lakini ni wachache kati yetu wanaojua kuuchonga. Mimi pia sikujua, na ujinga wangu ulinitia aibu.

Likizo iliyopita, nyumbani kwetu chini ya Mlima Meru, nilimchongea mama mwiko. Mpini niliupamba kwa kichwa cha twiga, kama ile miiko ya mpingo wanayouziwa watalii mjini Arusha. Wageni walipofika, mama akaanza kusonga ugali. Mara mwiko ukakatika shingoni! Mama hakunigombeza, aliazima mwiko kwa jirani, nami nikainamisha kichwa.

Kesho yake nilikwenda kwa babu mmoja, fundi wa siku nyingi. Aliutazama ule mpini, akacheka, kisha akanifundisha mambo manne.

Kwanza, chagua mti mgumu usio na harufu kali, uliokaushwa polepole kivulini. Mti mbichi ukianikwa juani, nje hunywea upesi kuliko ndani, nao hupasuka.

Pili, tazama nyuzi za mti. Sharti zipite kwa urefu toka mpini hata bapa. Mimi nilizikata shingoni. Ndiyo sababu mwiko ulivunjika.

Tatu, toa umbo kwa tezo, lainisha kwa kisu, maliza kwa msasa. Bapa liwe pana na ukingo wake mwembamba, lipate kukwangua sufuria. Lakini shingo iache nene.

Nne, peleka makali mbali na mkono unaoshika mti. Hapo ndipo nilipoelewa methali ya wazee: “Mchonga mwiko hukimbiza mkonowe.”

Darasani twajifunza kwamba mti haupitishi joto upesi kama chuma. Ndiyo maana mpishi haungui. Lakini mti wenyewe watoka wapi? Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, ni marufuku kukata miti. Babu hutumia matawi ya miti aliyoipanda shambani mwake.

Mwiko wangu wa pili hauna twiga wala pambo lo lote, lakini mama anausongea ugali hata leo. Jaribuni nanyi, ndugu zangu, ila msikimbilie pambo kabla ya kazi.