Kasino Inapobisha Hodi Kijijini: Namna ya Kuujadili Mradi Kabla Haujaamuliwa

Two-Mile Borris ni kijiji kidogo cha kaunti ya Tipperary, Ireland, karibu na mji wa Thurles. Ni nchi ya malisho, na farasi huko ni fahari ya watu. Mfanyabiashara Richard Quirke, mwenye ukumbi mashuhuri wa mashine za kamari katikati ya Dublin, alipeleka hapo pendekezo la kujenga kasino, hoteli ya vyumba 500, uwanja wa mbio za farasi, uwanja wa mbio za mbwa, uwanja wa gofu na ukumbi wa burudani wa watu 15,000. Juu ya hayo ingejengwa nakala ya White House ya Washington, kwa ukubwa wake halisi, maana msanifu wa jengo lile, James Hoban, alizaliwa kaunti jirani ya Kilkenny. Eneo lilikuwa ekari 800 na gharama ilitajwa kuwa euro milioni 460.

Ireland ilikuwa taabani. Novemba 2010 serikali ilikubali mpango wa uokoaji wa euro bilioni 85 uliosimamiwa na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, na vijana walikuwa wanahama nchi. Kiwanda cha sukari cha Thurles kilikuwa kimefungwa tangu 1989. Mtu akija mahali kama hapo na ahadi ya maelfu ya ajira, ni lazima asikilizwe. Michael Lowry, mbunge wa eneo hilo, aliupigia mradi debe kwa nguvu zote. Wapinzani walisema kamari itabomoa familia na mradi haulingani na kijiji.

Halmashauri ya kaunti iliridhia. Rufaa ikakatwa kwenye bodi ya taifa ya mipango, An Bord Pleanála. Juni 2011 bodi iliruhusu kasino, hoteli na sehemu kubwa ya mradi, ila ikaukataa ule ukumbi wa watu 15,000. Miezi mitatu baadaye, Septemba 2011, Waziri wa Sheria Alan Shatter alitangaza kwamba serikali haitaruhusu kasino kubwa za namna hiyo. Mradi ukakwama. Kibali cha kujenga kilikuwapo, lakini sheria ya kamari ya 1956 haikutoa nafasi kwa kasino ya aina ile, na serikali ilikataa kuifungua.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu unaonyesha kosa linalofanyika karibu kila mahali. Watu hugombana miezi mingi juu ya farasi, ajira na dini, na swali la nani hasa mwenye mamlaka ya kuruhusu au kukataa linabaki nyuma. Ukitaka sauti yako iwe na uzito, uwe unaunga mkono au unapinga, anza na hilo.

Tafuta sehemu inayobeba mradi mzima

Chukua daftari. Andika kila kitu kilichoahidiwa, kimoja kwa kila mstari: hoteli, uwanja wa farasi, kasino, barabara, ukumbi. Mbele ya kila kimoja jaza mambo matatu: kitagharimu kiasi gani, nani anatoa fedha, na ofisi ipi inatoa kibali. Usikubali jumla ya gharama peke yake. Mwekezaji makini anazo hesabu hizi, kwa sababu benki haimkopeshi bila kuziona.

Kisha uliza: kipi kikiondolewa, vingine vyote vinaanguka? Katika miradi ya aina hii jibu huwa ni kasino. Mbio za farasi ni ghali. Kuna malisho, waganga wa mifugo, zawadi za washindi, njia ya kukimbilia ya kutunza mwaka mzima. Katika majimbo mengi ya Marekani, viwanja vya farasi vilivyokuwa vikifa vimebaki hai kwa mapato ya mashine za kamari zilizowekwa pembeni. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ni makosa kuujadili mradi kama huu kana kwamba ni mradi wa farasi. Farasi hupendwa, na mapenzi hayo hutumika kuipitisha kasino mlangoni. Ijadili kasino yenyewe: leseni itatoka wapi, sheria ya sasa inairuhusu au inasubiri kubadilishwa, na kama inasubiri, nani ameahidi kuibadilisha na kwa maandishi gani. Kama wakazi wa Tipperary wangelishikilia swali hilo mapema, wangeokoa muda na matumaini mengi.

Fanya hesabu mwenyewe

Ajira ndiyo hoja inayowagusa watu, na isidharauliwe. Lakini idadi iliyotajwa jukwaani haitoshi. Tenganisha ajira za ujenzi, ambazo huisha jengo likikamilika, na zile za kudumu. Katika za kudumu, uliza ngapi ni za siku nzima, ngapi ni za zamu za usiku au mwisho wa wiki, mshahara wa kuanzia ni upi, na mafunzo yatatolewa lini na wapi ili mtoto wa kijijini aweze kuomba kazi hiyo.

Halafu pima kama wateja wapo. Hoteli ya vyumba 500, ikifunguliwa siku 365, ina vyumba 182,500 vya kuuza kwa mwaka. Ili nusu tu vijae, lazima kila mwaka iuze vyumba 91,250. Hao wageni watatoka wapi? Two-Mile Borris ina bahati ya kuwa karibu na barabara kuu ya M8 iendayo Cork, lakini barabara humpitisha mgeni kama inavyomleta. Mwekezaji aonyeshe utafiti wa soko, na aliyeufanya atajwe. Pengine una mashaka na hesabu zake. Omba basi aonyeshe hali itakuwaje wageni wakiwa nusu ya aliotarajia.

Swali hili ni zito kwa sababu wageni wa mbali wasipokuja, kasino itawategemea majirani. Fedha zitakazoingia mezani ni zile zile zilizokuwa zikienda dukani, kwa fundi na kwenye ada ya shule. Kamari haigawi hasara sawasawa. Tume ya Tija ya Australia, katika ripoti yake ya 2010, ilikadiria kwamba takriban asilimia 40 ya fedha zinazopotea kwenye mashine za kamari hutoka kwa watu wenye tatizo la kamari, ambao ni sehemu ndogo sana ya wananchi. Ukizijua hizo takwimu, huwezi tena kuyaita mapato ya kasino burudani tupu. Sehemu yake kubwa ni ya wagonjwa. Kwa hiyo dai ujue: nani atagharimia ushauri na tiba, kama mtu ataweza kuomba azuiwe asiingie, na ukumbi utakuwa umbali gani kutoka shule.

Uliza pia itakuwaje ikifungwa. Mwaka 2014 pekee, kasino 4 zilifungwa Atlantic City, Marekani. Mojawapo, Revel, iliyogharimu dola bilioni 2.4, ilikuwa imefunguliwa miaka miwili tu kabla. Kama huo ulikuwa mji uliozoea biashara hiyo tangu 1978, kijiji kinahitaji jibu la maandishi kuhusu nani atabomoa majengo na nani atalipa madeni.

Andika kwa lugha ya mwenye mamlaka

Hapa watu wengi wenye nia njema hupoteza nguvu zao. Barua ya kurasa kumi inayolia juu ya maadili, ikipelekwa kwa afisa mipango, haina pa kukaa, kwa sababu afisa huyo hana mamlaka juu ya maadili. Yeye anapima maji, majitaka, barabara, kelele, mwanga wa usiku, ardhi ya kilimo na ukubwa wa jengo. Kilichokataliwa na bodi kule Ireland kilikuwa ukumbi ambao ungeleta watu 15,000 kwa usiku mmoja katika mashamba. Hoja za maadili na uraibu zipeleke kwa wabunge na kwa bodi ya leseni za kamari, maana huko ndiko zinakosikilizwa. Barua mbili fupi, kila moja kwa ofisi yake, zinafaa kuliko moja ndefu iliyochanganya yote.

Chunga tarehe. Ireland, mtu yeyote anaweza kutoa maoni juu ya ombi la ujenzi ndani ya wiki 5 tangu lipokelewe, kwa ada ya euro 20. Baada ya uamuzi kuna wiki 4 za kukata rufaa, na kwa kawaida anayeruhusiwa kukata ni yule aliyetoa maoni mapema. Aliyenyamaza mwanzo hukuta mlango umefungwa.

Utaratibu una nguvu ambayo watu hawaidhanii. Katika mji mdogo wa Tyre, jimbo la New York, eneo la mashamba lenye wakulima wa Amish, wakazi waliopinga kasino ya del Lago walikwenda mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa iliona kwamba halmashauri ya mji haikuchunguza ipasavyo athari za mazingira, ikafuta idhini. Halmashauri ilirudia kazi, na kasino ikafunguliwa Februari 2017. Wapinzani hawakushinda, lakini uchunguzi ulirudiwa. Tyre pia, kama mji mwenyeji, ilikuwa na mkataba wa maandishi na mwekezaji. Hata anayeunga mkono mradi anapaswa kudai karatasi ya namna hiyo, kwa sababu ahadi ya jukwaani haishitakiwi.

Mkutanoni, usimtukane kijana anayeitaka kazi ile. Anayo haki ya kuitaka, na ukimfanya adui utampoteza hata kama hesabu ziko upande wako. Simama, msalimu mwenyekiti, uliza swali moja linalojibika kwa namba, kisha omba jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni hivyo hivyo.

Kwa msomaji wa Tanzania, ekari 800 za mradi wa Two-Mile Borris ni kama hekta 324. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema uhawilishaji wa ardhi ya kijiji unaozidi hekta 250 huamuliwa na waziri, baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano mkuu wa kijiji, wakati chini ya hapo mkutano mkuu wenyewe ndio wenye kauli. Aina, kiasi na wakati wa fidia lazima vikubaliwe kabla ardhi haijahamishwa. Leseni ya kasino ni jambo jingine, la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kenya, anayepinga uamuzi kuhusu tathmini ya mazingira ana siku 60 za kufika Baraza la Taifa la Mazingira.

Ukisikia kwenu kuna mazungumzo ya mradi wa namna hii, usisubiri tangazo la mkutano wa hadhara. Nenda ofisi ya kijiji au ya kaunti wiki hii, omba kuona ombi lenyewe, andika tarehe ya mwisho ya maoni, na uwajulishe majirani zako.