Maumivu ya kiuno kwa wanaosafishwa damu: mazoezi kabla ya sindano

Wengi wanaosafishwa damu kwa mashine hushika kiuno na kusema figo linauma. Mara nyingi si figo. Figo zilizoshindwa kazi polepole, kwa miaka, kwa kawaida haziumi. Kinachouma zaidi ni misuli iliyolegea na viungo vya uti wa mgongo, na misuli inaweza kuimarishwa.

Mgonjwa hukaa kwenye mashine takriban saa 4, mara 2 au 3 kwa wiki. Anayefika mjini Garissa kutoka Dadaab, Fafi au Ijara huongeza saa za kukaa garini. Tena figo zikishindwa, kalsiamu, fosforasi na vitamini D huvurugika mwilini, na mifupa hudhoofika.

Makosa huanzia dukani. Diclofenac na ibuprofen hutuliza maumivu, lakini kwa mgonjwa huyu zinaweza kutonesha damu tumboni, na kwa anayepata bado mkojo kidogo, zinaweza kummalizia uwezo huo uliobaki. Asinunue dawa wala kukubali sindano ya maumivu kabla ya kumuuliza daktari wake. Kuchomwa mgongo kwa chuma cha moto, jambo ambalo bado linafanyika kwetu, huacha kidonda, na mwili wake haupigani vizuri na maambukizi.

Mtaalamu wa tiba ya viungo humpima kwanza, kisha humpa mazoezi yanayolingana na nguvu zake. Zoezi la kawaida halihitaji kifaa: alale chali kwenye mkeka, akunje magoti, nyayo zikanyage chini, akaze tumbo na kuinua makalio taratibu. Ahesabu hadi 5, ashuke. Akiweza mara 5 leo, si lazima ziwe 10 kesho. Kutembea jioni jua likipungua nako ni tiba. Akiwa kwenye mashine anaweza kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu, muuguzi akimruhusu, bila kusogeza mkono wenye sindano. Akishatoka apumzike; presha huweza kushuka na kumwangusha. Siku hiyo asikandwe kwa nguvu, kwani dawa ya kuzuia damu isigande huenda bado imo mwilini.

Mkono wenye mshipa wa kusafishia damu usibebe mtungi wa maji, wala asiulalie. Anayeumia kwenye rukuu na sujudi anaweza kuswali ameketi.

Maumivu yakija pamoja na homa au baridi kali, hasa kwa mwenye mpira shingoni au kifuani, yanaweza kuwa maambukizi ya uti wa mgongo. Miguu ikifa ganzi, ikikosa nguvu, au choo kikimtoka bila kujua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asingoje siku yake ya mashine. Kwa maumivu ya kawaida, amwambie muuguzi wa kitengo cha figo, ambaye atamwelekeza kwa tiba ya viungo.